Maji ya Ndimu, Figo na Kiu ya Mgunda Mkali

Ndugu wasikilizaji, nanyi ndugu wasomaji mnaoyapata mazungumzo haya gazetini baada ya kupita hewani, leo naomba tuzungumze habari za maji ya kunywa. Najua wapo watakaosema mzee huyu sasa ameishiwa maneno, maana maji ni nani asiyeyajua? Naomba mnivumilie. Jambo tunalodhani tunalijua sana ndilo mara nyingi hutuponyoka.

Nilikuwa nimesimama karibu na kituo cha mabasi mjini Tabora, nikimngoja mgeni kutoka Nzega. Ulikuwa mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi wa Tabora wanaoujua wanaujua: jua kali, vumbi, mvua bado, na maembe yangali mabichi mitini. Akanijia kijana mmoja amebeba ndoo yenye barafu, na ndani ya ndoo mna chupa za maji yaliyotiwa vipande vya tango, ndimu na majani ya mnanaa. Kwenye ndoo alikuwa amebandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MAJI YA KUSAFISHA FIGO.

"Shikamoo mzee," akasema. "Chukua mbili. Moja ya figo ya kulia, moja ya figo ya kushoto."

Nilicheka, nikanunua moja. Yalikuwa baridi, yananukia vizuri, nami nilikuwa na kiu. Bei yake ingetosha kununua fungu zima la ndimu sokoni, lakini kijana anatafuta riziki, sikumnung'unikia.

Kicheko kiliniisha nilipofika nyumbani. Shangazi yangu, ambaye tunaishi naye, ameambiwa na madaktari kwamba figo zake zimedhoofika. Kliniki walimpimia hata maji ya kunywa: kiasi fulani kwa siku, asizidishe. Jioni ile niliingia chumbani kwake kumjulia hali, nikaona chini ya kitanda chupa tatu tupu za maji yale yale, na ya nne ameishika mkononi. Miguu yake ilikuwa imevimba hata kandambili hazikuingia.

"Mwanangu," akaniambia kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa, "nimesikia yanasafisha."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza maswali mawili, na ndiyo nitakayojaribu kuyajibu leo. La kwanza: je, maji yaliyotiwa matunda yanasafisha figo? La pili: sisi ambao bado tu wazima, tuyanywe au tusiyanywe?

Kabla ya kujibu, turudi nyuma kidogo, kwa sababu mji wetu huu una historia ndefu ya kiu. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wageni kutoka Uingereza, Burton na Speke, walipoingia hapa tarehe 7 Novemba, 1857, wakati huo pakiitwa Kazeh, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Waliobeba mizigo katika njia ile, kwa miaka mingi kabla na baada yao, walikuwa wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, begani, mchana wa jua.

Kati ya pwani na Unyanyembe palikuwa na sehemu mbili ambazo kila msafara uliziogopa. Ya kwanza ni Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo. Marenga ni maji katika lugha za huko, na jina hilo lilitaja maji machungu yenye chumvi. Palikuwa na mwendo wa maili kama 30, karibu kilomita 48, bila maji ya kunywa. Ya pili ni Mgunda Mkali, ile nyika ya vichaka na miiba baina ya Ugogo na Unyamwezi, ambako visima vilikuwa mbali mbali na wakati wa kiangazi vilikauka.

Wapagazi walikuwa na mbinu yao ya kuvuka sehemu kama hizo, wakiiita terekeza. Asubuhi hawakuondoka. Walibaki penye maji, wakapika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu. Jua lilipopita utosi ndipo walipotwika mizigo na kwenda mpaka giza. Walilala pasipo maji, wakaamka alfajiri, wakaendelea, na kabla ya jua la siku ya pili kuwa kali walikuwa wamefika kisima kingine. Hesabu ile iliwawezesha kuvuka mwendo mrefu kwa kulala usiku mmoja tu bila maji.

Angalieni busara iliyomo. Hawakungoja koo likauke ndipo waulize kisima kiko wapi. Walikunywa kabla. Nasi tunaopita njia ile ile leo kwa reli, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912, au kwa basi juu ya lami, tumeisahau hesabu hiyo.

Sasa tuingie katika figo zenyewe. Mungu amempa mwanadamu figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, zimekaa nyuma kando ya uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na idadi yake yafikia kama milioni moja. Damu hupita humo mchana na usiku. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji, yaani zaidi ya madebe tisa. Bila shaka hatukojoi madebe tisa. Karibu yote hurudishwa katika damu, na kinachobaki, lita moja hadi mbili, ndicho hutoka kama mkojo pamoja na taka za mwili, chumvi iliyozidi na maji yaliyozidi.

Kwa hiyo figo ndizo zenye kusafisha, wala hazingoji kusafishwa. Hazina masizi yaliyogandia kama sufuria ya kuni, hata tuseme tango litayasugua. Hakuna tunda, jani wala mzizi unaopita ndani ya figo na kuzifuta vumbi. Anayekuuzia kitu kwa maneno hayo, ama hajui, ama anajua na anakutania kama yule kijana wa figo ya kulia na ya kushoto.

Lakini maji yenyewe, yawe na tango au yasiwe nalo, yana kazi kubwa. Mtu asipokunywa ya kutosha, figo hubana maji, na mkojo hutoka kidogo na mzito. Katika mkojo mzito chumvi na madini hukaribiana, hushikana, na mwishowe huwa kijiwe. Ni kama sufuria ya maji ya chumvi ukiiacha jikoni: maji yakipungua, chumvi huonekana ukingoni. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 1996 matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitano watu 199 waliokuwa wamepata kijiwe kwa mara ya kwanza. Watu 99 walihimizwa kunywa maji mengi kila siku, na kati yao waliopata kijiwe tena walikuwa 12. Wengine 100 hawakupewa mwongozo huo, na kati yao waliorudiwa walikuwa 27. Dawa iliyotumika ilikuwa maji matupu.

Habari za kijiwe sizisemi kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwa basi kutoka Tabora kwenda Dar es Salaam. Nanyi mnajua tabia yetu wasafiri. Tangu jioni ya kuamkia safari nilijizuia kunywa maji, ili nisije nikamsumbua dereva asimamishe gari tuchimbe dawa porini. Mchana kutwa nilikaa dirishani juani, na kunywa soda moja tu. Tulipofika, haja ndogo yangu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Na sikuwa nafanya hivyo safari ile peke yake. Ilikuwa ndiyo desturi yangu, nyumbani na kazini.

Wiki mbili baadaye yalinishika maumivu ubavuni, yakashuka kinenani. Wanawake waliojifungua wanasema uchungu wa uzazi una mapumziko. Huu wangu niliona hauna. Nilitapika, nikagaagaa sakafuni, mtu mzima mimi mwenye wajukuu. Hospitali walinipiga picha, wakakuta kijiwe. Siku ya tatu kilitoka chenyewe. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, nikakitazama nikashangaa kwamba kitu kile ndicho kilichoniangusha. Daktari hakunipa hotuba ndefu. Aliniambia: "Mzee, kunywa maji mpaka upate mkojo wa lita mbili na nusu kwa siku. Ukiona umekuwa wa njano nzito, umechelewa."

Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuyajali maji ya ndimu. Nilipotoka hospitali niliazimia kunywa, lakini azimio halikumaliza wiki. Maji ya vuguvugu kutoka kwenye ndoo, katika joto la mwezi wa kumi, hayashukiki. Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi yangu.

Bibi yangu alikuwa na mtungi wa udongo barazani, umefunikwa kwa kawa, na kata ya kutekea imetundikwa pembeni. Kabla ya kuujaza aliufukiza kwa ubani, desturi ya pwani iliyosafiri na misafara. Maji yale yalikuwa baridi bila friji, maana maji hupenya polepole katika vinyweleo vya udongo, yakifika nje hukauka, na katika kukauka huondoka na joto. Hewa kavu ya kiangazi cha Tabora huifanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Sisi watoto tulikuwa tukitoka kucheza twakimbilia mtungi ule, tukanywa kata mbili mbili. Bibi hakuwahi kutuambia kwamba ubani unasafisha figo. Aliweka harufu nzuri ili tunywe, nasi tukanywa.

Hapo, ndugu zangu, ndipo penye thamani yote ya maji ya matunda. Yanakuvuta unywe. Kama glasi moja yenye harufu ya ndimu itakufanya uache soda moja na uongeze nusu lita ya maji, umefaidika. Na wala huna haja ya kuyanunua kituoni. Nitawaeleza ninavyoyatengeneza mimi.

Jambo la kwanza ni maji yenyewe. Yawe ya bwawa la Igombe lililotunywesha miaka mingi, yawe ya Ziwa Viktoria yaliyotufikia kwa bomba, yawe ya kisima, yachemshe. Yaache yabubujike dakika moja nzima, kisha uyafunike yapoe yenyewe. Ndimu haiui vijidudu vya kipindupindu kwa kiasi cha kutegemewa, asikudanganye mtu. Maji machafu yenye tango ni maji machafu.

La pili ni usafi wa mkono na kisu. Nawa kwa sabuni. Osha matunda kwa maji salama kabla ya kuyakata, hata kama utayamenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Tumia chombo cha kioo, cha udongo au cha chuma kisichoshika kutu, chenye mfuniko. Usitumie sufuria ya alumini, kwani ukali wa ndimu huila.

La tatu ni kipimo. Kwa lita mbili za maji, nusu tango lililokatwa vipande vyembamba na majani kama kumi ya mnanaa yaliyofikichwa kidogo yanatosha. Au ndimu mbili, moja uikamue na moja uikate vipande, pamoja na kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba kilichopondwa. Wakati wa maembe, vipande vya embe bichi na mnanaa vinaburudisha sana, na Tabora kwa miembe hatuna mpinzani. Wasio na friji nawashauri mchaichai: funga majani matano fundo, yachemshe pamoja na maji yenyewe, uyatoe, kisha mimina maji katika mtungi yapoe. Hapo umechemsha maji na kutia harufu kwa moto mmoja.

La nne ni muda. Kwenye friji, yakae saa mbili hadi nne ndipo yakolee, kisha toa vipande, maana ganda la ndimu likikaa sana hutia uchungu. Yamalize katika siku hiyo na usiku wake. Pasipo friji, tengeneza kidogo kidogo, na yaliyotiwa matunda mabichi yasipite saa mbili au tatu katika joto letu. Usiongeze maji juu ya vipande vya jana. Kubana matumizi kwa namna hiyo kutakutoa pesa nyingi zaidi zahanati.

La tano ni sukari. Tabora ni nchi ya asali, na mkono wa Mtabora huenda kwenye asali bila kuambiwa. Lakini kijiko kikubwa kimoja cha asali kina sukari ya gramu kama 17. Ukitia vitatu katika jagi, hayo si maji tena, ni sharubati. Mwenye kisukari ajihadhari, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu yaweza kubeba vimelea vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kupambana navyo.

Mtaniuliza, je, ndimu haina faida yoyote ya pekee? Inayo, ila ni ya kiasi. Ndimu na limau zina chembechembe ziitwazo sitreti, ambazo hushikana na chokaa katika mkojo na kuizuia isijenge kijiwe kwa urahisi. Lakini kipande kinachoelea hutoa sitreti kidogo sana. Anayeitaka na aikamue. Na akishakunywa asukutue mdomo kwa maji matupu, angoje kidogo kabla ya kupiga mswaki, maana ukali wa ndimu hulainisha meno. Zaidi ya hapo mtu asiahidiwe miujiza.

Sasa nirudi kwa shangazi, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya nilete mazungumzo haya. Wapo watu ambao maji mengi kwao ni hatari. Mtu ambaye figo zake zimekwisha dhoofika sana hawezi kuyatoa maji yanayozidi. Yatajaa miguuni, usoni, na mwishowe mapafuni. Hali kadhalika mgonjwa wa moyo. Tena matunda mengi yana madini ya potasiamu, ambayo figo nzima huyatoa bila taabu, lakini figo dhaifu huyaacha yarundikane katika damu mpaka yavuruge mapigo ya moyo. Ukwaju, madafu na maji ya machungwa, ambavyo kwa mzima ni riziki, kwa mgonjwa wa namna hii vyaweza kumwua. Huyo na anywe alichopimiwa kliniki, na akitaka kubadilisha aulize kwanza.

Na wale walio katikati, ambao figo zimepungua nguvu lakini hawajafika mbali? Madaktari wa Kanada walilijaribu jambo hilo kwa watu 631, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Nusu yao walihimizwa kuongeza maji kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka, figo zao zilikuwa zimeshuka sawasawa na za wenzao. Maji ya ziada hayakuwazuia kushuka. Hivyo, anayesema maji yake yanarudisha figo iliyokufa anauza ndoto.

Hata mzima naye asipitilize. Figo haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi kwa saa. Mtu akishindana kunywa lita nne kwa mara moja, chumvi ya damu huzimuka na ubongo huvimba. Kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, na utazame rangi: mkojo ukiwa kama maji ya ndimu yaliyozimuliwa, uko salama, ukifanana na chai ya rangi, umekawia.

Basi ni nini hasa kinachoua figo zetu? Kwa sehemu kubwa ni shinikizo la damu na kisukari, magonjwa mawili yanayotembea kimya. Utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa sugu wa figo. Vijijini walikuwa asilimia 2, mjini asilimia 15, na wengi wao hawakujua. Ninyi mnaosoma gazeti hili aghalabu mko mijini. Kipimo cha shinikizo ni dakika chache. Kipimo cha sukari ni tone la damu. Kupima mkojo kuona kama una protini si jambo kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo ni ghali: mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne, au kupandikizwa figo ya ndugu. Tunashukuru kwamba upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017 na Dodoma mwaka 2018, lakini ni njia ambayo hakuna anayetamani kuipita.

Sababu nyingine ni dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki, tunazozinunua dukani kama pipi, hupunguza damu iendayo kwenye figo. Mtu aliyefanya kazi juani, amekauka, kichwa kinamgonga, akameza vidonge viwili bila maji ya kutosha, amezipiga figo zake mara mbili. Mara nyingi kile kichwa kilikuwa kinaomba maji.

Kuhusu kazi juani, huko Nikaragua na El Salvador wakata miwa wengi, vijana wasio na kisukari wala shinikizo, wamekufa kwa figo. Wataalamu waliochunguza wanaona kwamba joto kali, kazi nzito na kukauka mwili siku baada ya siku vina sehemu kubwa. Tiba iliyoanza kujaribiwa mashambani ina maneno matatu: maji, kivuli, mapumziko. Nilipoyasoma niliwafikiria vijana wetu katika mashamba ya tumbaku ya Urambo na Sikonge, na waendesha bodaboda wanaoshinda lami inawaka. Hao ndio wapagazi wa leo. Nani anawajazia kibuyu?

Tena, ndugu wasikilizaji, tuseme ukweli ambao adabu hutuzuia kuusema. Watu wengi hawanywi maji si kwa sababu hawayapendi. Hawanywi kwa sababu hawana pa kuyatoa. Mama anayeuza nyanya kutoka alfajiri hadi magharibi hujizuia kunywa kwa kuwa choo cha soko kiko mbali, kichafu, na kina malipo. Mtoto wa kike shuleni hufanya hivyo hivyo. Msafiri wa basi, mimi mmojawapo. Unaweza kumpa mama yule jagi la maji yenye tango na mnanaa, na hatalionja. Kwake yeye, dawa ya figo ni mlango wa choo unaofungika. Wanaopanga masoko, shule na vituo vya mabasi nawaomba walisikie hilo.

Sasa nimalizie nilikoanzia. Siku ya pili asubuhi tulimpeleka shangazi kliniki. Walimwongezea dawa ya kutoa maji, na baada ya siku kadhaa miguu ilipungua. Nilimnunulia chupa moja nikaichora mstari kwa kalamu, ndicho kipimo chake cha siku. Tulimwuliza nesi kama anaweza kuweka humo kipande kimoja chembamba cha ndimu, kwa harufu tu. Nesi akakubali, mradi mstari usivukwe. Sasa kila asubuhi shangazi hukikata kipande hicho mwenyewe, chembamba hata mwanga unapenya, hukitia kwenye chupa, na huniita nije nishuhudie mstari.

Yule kijana wa kituoni nilimrudia nikamweleza habari ya shangazi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mzee, nikifuta neno figo, nani atanunua?"

Nikamwambia, "Andika baridi, safi, yamechemshwa. Tabora mwezi wa kumi, nani asiyenunua?"

Wiki iliyofuata nilipita tena. Neno figo lilikuwa bado liko pale pale. Lakini chini yake alikuwa ameongeza mstari mpya kwa kalamu ile ile nene: WAGONJWA WAULIZE DAKTARI KWANZA. Nikanunua mbili, nikanywa moja, ya pili nikampa dereva wa bodaboda aliyenirudisha nyumbani. Aliimaliza kabla hatujafika njia panda.

Nawatakieni wiki njema. Kunyweni maji kabla ya kiu.